Sauti ya Kuazima

Msomaji, nataka tufikiri pamoja juu ya swali ambalo mwanzoni huonekana dogo. Kazi ya sanaa ikivuliwa lugha iliyozaliwa nayo, ikavikwa lugha nyingine, je, huwa bado ni ile ile? Na mtu aipendaye katika lugha ya pili, je, ameipenda kazi yenyewe au amependa kivuli chake?

Swali hili sikulipata katika kitabu. Nililipata darasani hapa Kalimoni, baina ya Ruiru na Thika, alasiri ya siku ya mdahalo. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliachiwa wachague mada wenyewe, nao wakachagua hii: kwamba katuni za Kijapani zitazamwe kwa Kijapani wala si kwa Kiingereza. Katuni hizo, ziitwazo anime, hutufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza huziacha sauti za Kijapani zilivyo, na tafsiri huandikwa chini ya picha. Njia ya pili huziondoa sauti hizo na kuingiza mahali pake sauti za wachezaji wengine wasemao Kiingereza. Vijana wetu huzitazama sana katika simu zao, na juu ya njia hizi mbili wamegawanyika kama mashabiki wa mpira.

Kijana wa upande wa kuunga mkono alisema kwa ufasaha. Alisema kwamba nguo ya kuazima haistiri maungo, na sauti ya kuazima haistiri uongo. Darasa likapiga makofi. Kisha akasimama msichana wa upande wa kupinga, akasema polepole: “Nyumbani kwetu televisheni ni moja, na ndugu yangu mdogo hajaweza kusoma upesi. Nikichagua Kijapani, nimemfukuza.” Akaketi. Hakuna aliyempigia makofi.

Nilikuwa mwenyekiti wa mdahalo, na sina budi kukiri kwamba moyo wangu ulikuwa pamoja na yule wa kwanza. Nilidhani msichana ameiacha mada na kuleta habari za nyumbani kwao. Leo naamini kwamba miongoni mwa wote waliosema siku ile, yeye peke yake ndiye aliyeigusa mada. Nitaeleza jinsi nilivyofika hapo.

Kwanza yafaa tuwatendee haki wale wanaozidharau sauti za kuingizwa, kwani dharau yao haikuzuka bure. Tarehe 1 Januari, 1963, televisheni ya Japani ilianza kuonyesha hadithi ya mtoto wa chuma iliyobuniwa na Osamu Tezuka. Kabla mwaka ule haujaisha, mtoto huyo alikuwa amefika Marekani naye asema Kiingereza, kwa jina la Astro Boy. Tangu hapo wafanyabiashara wengi walioipeleka sanaa hii nchi za Magharibi waliifanya kama pamba ghafi, ya kuchambuliwa na kusokotwa watakavyo. Mwaka 1985 hadithi tatu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote ziliunganishwa zikawa moja, ikaitwa Robotech. Mwaka huo huo filamu ya Hayao Miyazaki iitwayo Nausicaä, iliyotoka Japani mwaka 1984, ilitolewa Marekani kwa jina jingine, nayo imekatwa zaidi ya dakika 20. Baadaye, katika Pokémon, watoto walionekana wakila matonge ya wali, huku sauti ya Kiingereza ikiyaita donati, kana kwamba mtoto wa Marekani angepatwa na homa kwa kusikia kwamba watu wengine hula wali.

Mtu akikukuta unakula ugali, akaenda kuwaambia wenzake kwamba ulikuwa unakula keki, amekufasiri au amekuzulia? Hapana shaka amekuzulia. Kwa hiyo wale wapenzi wa anime ambao katika miaka ya 1980 na 1990 walinakili kanda za video kwa mikono yao, wakaandika tafsiri chini ya picha na kupeana, walikuwa watu waliodanganywa nao wakautafuta ukweli. Kusoma maandishi wakati unatazama ni kazi. Waliifanya kazi hiyo kwa sababu waliiheshimu kauli ya mtungaji. Hili ni jambo jema, na mwenye kupenda haki hawezi kulilaumu.

Lakini mambo hayakusimama pale. Polepole waingizaji wa sauti walijifunza adabu ya kazi yao. Mwaka 2001 hadithi ya Cowboy Bebop, iliyotoka Japani mwaka 1998, ilianza kuonyeshwa kwa Kiingereza katika televisheni ya Marekani, na wengi waliokuwa wakidharau sauti za kuingizwa walikubali kwamba hizi zilitiwa kwa ustadi. Mwaka 2003 filamu ya Miyazaki iitwayo Spirited Away ilipata tuzo ya Oscar, na watu wengi wa Magharibi waliipenda kwa kuisikia kwa Kiingereza. Mwaka 2014 kampuni ya Funimation ilianza kutoa sauti za Kiingereza majuma machache tu baada ya hadithi kuonyeshwa Japani, hata msikilizaji hakungojea tena miaka. Siku hizi wako mashabiki wengi wasemao bila haya kwamba wapenda kuzisikia hadithi hizi kwa lugha wanayoielewa, na wenzao wamepunguza kuwacheka.

Wamepunguza, nasema, hawakuacha. Na hapa, msomaji, pana jambo la kutazamwa kwa makini katika tabia ya mwanadamu. Dharau ilizaliwa na sababu. Sababu ikaondoka, dharau ikabaki. Kilichokuwa kupenda ukweli kwa baba kimegeuka kuwa kiburi kwa mwana. Kijana wa leo asemaye “mimi hutazama kwa Kijapani tu” mara nyingi hatwambii habari za mtungaji wala za ukataji wa filamu. Atwambia kwamba yeye ni shabiki wa daraja la juu. Mambo kama haya hutokea katika dini, katika siasa na katika elimu. Watu hulinda mlango kwa sababu ya mwizi. Mwizi akisha kwenda zake, huendelea kuulinda kwa sababu wamezoea kuitwa walinzi.

Tuulize sasa swali lenyewe. Sauti ya asili ya mchoro ni ipi? Mwigizaji wa filamu ya watu ana kinywa chake na sauti yake. Ukiiondoa umemwondolea kitu kilichokuwa chake. Lakini mtu aliyechorwa kwa wino hana koo. Huko Japani kwenyewe husemewa na mtu mwingine asimamaye mbele ya kipaza sauti. Shujaa Goku wa Dragon Ball, mwanamume mwenye misuli kama mizizi ya mgumo, tangu mwaka 1986 amesemewa kwa Kijapani na mwanamke, Masako Nozawa, aliyezaliwa mwaka 1936. Wajapani hawasemi kwamba Goku amesingiziwa sauti. Wasema kwamba Nozawa amempa uhai. Basi hata sauti tunayoiita ya asili ni ya kuazima, ila iliazimwa kwanza, na mtungaji mwenyewe alikuwapo akaridhia. Kuridhia huko kuna uzito, wala sikupuuzi. Lakini tukisema kwamba sauti ya Kijapani ilimea katika mchoro kama jani katika tawi, tumesema lisilo kweli.

Tena kuna jambo jingine ambalo vijana wetu hawakulijua siku ile ya mdahalo. Zamani, filamu zilipokuwa bubu, Wajapani hawakuzitazama kimya. Kando ya kitambaa alisimama msimulizi, aliyeitwa benshi, akawasemea watu wa kwenye picha, akaeleza, akaongeza, akaliza na kuchekesha. Wako benshi waliokuwa na sifa hata watazamaji wakaenda kwa ajili yao kuliko kwa ajili ya filamu. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mtengenezaji mkubwa wa filamu, alifanya kazi hiyo. Filamu zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930, benshi walikosa kazi. Kwa hiyo nchi hiyo tunayoitaja kuwa shahidi dhidi ya sauti za kuingizwa ndiyo nchi iliyompa msimulizi wa filamu heshima kubwa.

Ukiisikia habari ya benshi, wewe mkazi wa Afrika ya Mashariki, hukumbuki mtu? Mimi nilimkumbuka DJ Afro. Nilipokuwa mtoto, kabla barabara kuu ya Thika haijapanuliwa, palikuwa na kibanda cha video karibu na Juja, chenye mabenchi ya mbao na pazia zito mlangoni. Wachimba mawe wa machimbo waliingia humo na vumbi lao, na vibarua wa kahawa, nasi watoto tukajipenyeza. Filamu ilikuwa ya Kihindi au ya Kichina au ya Marekani, lakini sauti ilikuwa moja, ya DJ Afro, akisimulia kwa Kiswahili cha mitaani chenye mbio na mizaha. Tanzania walikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, mmoja wa watangulizi wa kazi hiyo Dar es Salaam. Uganda wana wasimulizi wengi wasemao Kiganda, nao ni mashuhuri kama waimbaji. Hakuna aliyewatuma watu hao. Waliona watu wamekaa mbele ya picha wasiyoielewa, wakawaonea huruma, na kwa huruma hiyo wakapata riziki.

Sisi tuliosoma tuliwatendeaje? Nilipofika chuo cha ualimu nilijifunza mambo mengi mema, na pamoja nayo nikajifunza kukionea haya kile kibanda. Nilijifunza kusema kwamba wasimulizi huharibu lugha na kuiharibu filamu. Baadhi ya maneno hayo ni kweli. Wengi wao wamefanya kazi juu ya mali za watu bila idhini ya wenyewe. Wengine hujaza mzaha mahali ambapo mtungaji alitaka kimya, na mizaha mingine huwadhalilisha wanawake. Makosa haya siyafichi. Lakini mimi sikuwadharau kwa makosa hayo. Niliwadharau kwa sababu wasikilizaji wao walikuwa watu wasiosoma, nami nilitaka ijulikane kwamba nimetoka miongoni mwao.

Sasa nitaeleza jambo lililonipata katika likizo ya Desemba iliyofuata ule mdahalo. Nilikwenda nyumbani kwa mama yangu. Mama alisoma madarasa mawili tu. Husoma polepole, kidole kikitangulia chini ya neno, na Kiingereza chake ni cha salamu. Nilichukua filamu niipendayo sana, My Neighbor Totoro, ya Miyazaki, iliyotoka mwaka 1988. Ni hadithi ya wasichana wawili, Satsuki na mdogo wake Mei, wanaohamia shamba pamoja na baba yao huku mama yao amelazwa hospitalini. Nilitaka mama aione kwa sababu yeye ni mkulima, na filamu ile inaijua mvua na mboga na vikongwe wa shamba.

Mpwa wangu wa miaka 11 aliniambia: “Mjomba, tuweke ya Kiingereza, nitamfasiria nyanya.” Nikamkatalia. Nikamwambia kwamba ya Kijapani ndiyo ya kweli. Tukaketi. Dakika 20 hazijaisha, mama akainuka, akasema kwa upole: “Endeleeni tu, wanangu. Mimi sina macho ya kukimbizana na herufi. Wacha nikachambue maharagwe.” Naye akaenda jikoni. Aibu yangu ni kwamba niliendelea kutazama.

Siku ya pili nilikwenda Juja kwa shughuli zangu. Niliporudi jioni nilisikia sauti ya mpwa wangu kabla sijafika mlangoni. Ameiweka filamu kwa Kiingereza, ameipunguza sauti, naye amesimama kando ya televisheni akisimulia kwa Kikuyu na Kiswahili vilivyochanganyika, mikono ikienda huku na huku. Mama ameketi karibu, sinia la maharagwe magotini, hachambui. Nilisimama pale mlangoni. Walikuwa katika sehemu ambapo wasichana wangojea basi la baba yao gizani, mvua yanyesha, na yule mnyama mkubwa asimama kando yao. Mtungaji hakuweka maneno mengi pale. Nilingoja mtoto aharibu kwa mzaha. Mtoto akanyamaza. Hakuna aliyemfundisha, aliipenda hadithi, na mapenzi yakamwambia mahali pa kunyamaza.

Kuelekea mwisho, Mei apotea njiani akiwa amekumbatia hindi, kwani ameambiwa kwamba mazao mabichi ya shamba humponya mgonjwa, naye anampelekea mama yake. Wanapofika hospitalini, waliacha hindi lile dirishani, na juu ya ganda lake pamechorwa maneno. Mama akauliza: “Ameandika nini?” Mpwa wangu hakujua, kwa kuwa maneno ni ya Kijapani. Wote wawili wakanigeukia mimi, mtetezi wa Kijapani. Wala mimi sijui herufi hata moja ya Kijapani. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya maandishi ya Kiingereza niliyoyasoma chini ya picha. Nikajibu: “Ameandika, kwa mama.”

Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: “Wewe nawe nilipolazwa ulitumwa uniletee machungwa. Ukayala yote njiani, ukafika na maganda.” Tukacheka wote watatu mpaka machozi yakatutoka. Jambo hilo nilikuwa sikulikumbuka hata kidogo. Nilikuwa na miaka mitano. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunisimulia, na ilimbidi kwanza mtoto wa Japani apite na hindi lake katika kinywa cha mtoto wa Kalimoni, ndipo habari hiyo itoke.

Msomaji, nakuuliza: siku ya kwanza na siku ya pili, ni ipi ambayo mama yangu alikutana na kazi ya Miyazaki? Siku ya kwanza alipewa sauti zenyewe, hakuna lililopunguzwa, akaenda jikoni. Siku ya pili alipewa tafsiri ya tafsiri kutoka kwa mtoto, akakutana na mtungaji uso kwa uso. Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba usahihi si kitu. Kama mpwa wangu angemwambia nyanya yake kwamba Mei anapeleka keki, sote tungepoteza, wala mama asingekumbuka machungwa. Hindi lilipaswa kubaki hindi. Nasema kwamba mfasiri ana wadai wawili. Wa kwanza ni mtungaji, amdaiye asiseme asilolisema. Wa pili ni msikilizaji, amdaiye asimwache nje. Wale wafanyabiashara wa zamani waliokata na kuunganisha walimdhulumu mdai wa kwanza. Mimi, siku ile, nilimdhulumu wa pili, tena alikuwa mama yangu, na nilifanya hivyo nikijiona mtu mwaminifu.

Waandishi wetu wakubwa waliyajua madeni haya mawili. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitupa mashairi ya Omar Khayyam kwa Kiswahili, naye aliyachukua, si kutoka Kiajemi, bali kutoka Kiingereza cha FitzGerald. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa nchi mpya yenye shughuli nyingi, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Hawakumwambia mkulima ajifunze kwanza Kiajemi au Kiingereza ndipo astahili kuingia. Na mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na wakwe zake ikisema Kiswahili, watu waliifuata jioni kwa jioni, kwa sababu habari za mke na mama mkwe zajulikana katika kila nyumba.

Basi kama wewe ni kijana upendaye kusikia Kijapani, endelea, na kama waweza kujifunza lugha hiyo, jifunze. Ni heshima kubwa kwa watu wake. Lakini kabla hujamcheka mwenzako asikilizaye kwa lugha nyingine, jiulize kwanza kama wewe wakielewa Kijapani, au nawe wategemea maandishi ya mfasiri, ambaye humwoni wala humshukuru. Jiulize kama kazi hiyo ya kuingiza sauti imefanywa vibaya, ukaonyeshe kosa lilipo, au waidharau tu kwa mazoea. Mwisho, jiulize ni nani anayeondoka chumbani wewe unapochagua.

Muhula ulipofunguliwa nilisimama mbele ya darasa lile, nikamwomba radhi yule msichana, nikamweleza sababu. Alitazama chini kwa haya, kama wafanyavyo wasichana wa umri ule mwalimu akimkiri kosa. Kisha nikawauliza wote jambo ambalo siku ya mdahalo hakuna aliyelitaja, mimi nikiwa mmoja wao. Tulibishana saa nzima kama hadithi hizi zisikike kwa Kijapani au kwa Kiingereza, nasi tumo katika darasa la Kiswahili. Mbona hakuna aliyeuliza juu ya Kiswahili? Kijana yule mfasaha, mwenye methali ya nguo ya kuazima, alifikiri kidogo, akasema kwamba labda hakuna mtu wa kuifanya kazi hiyo. Nikamwambia kwamba nyumbani kwa mama yangu yuko mmoja, ana miaka 11, naye ameshaanza.